Nshakutilia Mafuta

Jumanne, 24 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imeanguka alfajiri, na mpaka adhuhuri kichochoro chetu cha Malindi, hapa Unguja, kilikuwa mto wa maganda ya machungwa. Mjaka, fundi pikipiki, amenibadilishia pedi za breki ya mbele. Kazi ndogo, maneno mengi.

Hamad leo kaamka na wema. Nilipokuwa nashuka ngazi na kapu la sabuni, alikuwa ameinamia cherehani yake pale chini anashona kanzu, akanambia bila kuinua uso, "Amne, nshakutilia mafuta." Nikamshukuru. Nikawasha pikipiki, mshale wa tangi ukabaki pale pale ulipolala jana. Huyo ndiye kakaangu. Hata akitoa, hutoa kwa kijiko cha chai.

Alhamisi, 26 Machi

Tumeanguka, mimi na Shemsa. Yeye kavunjika mkono wa kushoto. Mimi nimechunika goti na kiwiko. Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Ijumaa, 27 Machi

Leo nguvu ninazo, na hasira pia.

Tulikuwa tunakwenda Matemwe kuchukua mwani kama kila wiki, Shemsa nyuma na magunia matupu katikati yetu. Shemsa ni shoga yangu tangu chuoni na ndiye mwenzangu wa kazi. Yeye anapika sabuni ya mwani, mimi nafuata mwani shamba na kusambaza sabuni kwenye mahoteli. Tulipopita Kinyasini nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Pikipiki ilikuwa nzito, inanguruma lakini haiendi, nikadhani ni upepo. Mara mbuzi wakakatiza njia. Nikagusa breki ya mbele, kugusa tu, gurudumu likakamata na halikuachia tena. Pikipiki ikalala ubavu na sisi tukalala nayo. Shemsa aliutanguliza mkono. Nilipoinuka nikaugusa ule mtambo wa breki, ukaniunguza kidole.

Hamad alikuja hospitali. Aliutazama mkono wa Shemsa uliofungwa plasta, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Leo baada ya sala ya Ijumaa amekaa kwenye baraza mbele ya duka lake akawatangazia watu kwamba Mjaka ni fundi wa makopo ya maziwa, kwamba breki kazifunga kinyume, na kwamba mtu kama huyo hafai kupewa hata toroli. Nilimsikia kutoka dirishani juu. Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Nilifurahi, kusema kweli, kuwa na ndugu mwenye ulimi.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda gerejini kwa Mjaka, Mlandege, nikayasema yote mbele ya waendesha bodaboda waliokuwa wamekaa pale. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniomba nimletee pikipiki aitazame. Nikamwambia hataigusa tena maisha yake.

"Basi katafute fundi mwengine, Bi Amne," akanambia. "Na ukimpata, mwambie afungue mbele ya macho yako."

Nimeona ni ujeuri mtupu. Nimerudi kwa miguu, na mvua yote ya mji ikanisubiri mimi.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Shemsa hawezi kukoroga sufuria kwa mkono mmoja. Nimekoroga mimi, sabuni imekatika, haikushikana. Nimeitupa.

Alhamisi, 2 Aprili

Hamad anakwenda Hijja mwaka huu, Inshallah. Jina lake limetoka kwenye kikundi chao, ataondoka katikati ya Mei. Watu wanaingia na kutoka kumpongeza, na mimi nimempongeza, na machozi yalinitoka kwa sababu Baba alifariki na hamu hiyo hiyo.

Baada ya wageni kuondoka aliniita chini. Anataka kuiacha nyumba imenyooka, anasema, na la kwanza la kunyoosha ni pikipiki yangu. Keshampata mnunuzi, Anuar wa Bububu, anaichukua ilivyo na ubovu wake. Nikamuuliza amekiuza chombo changu kwa idhini ya nani. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kumpima mteja kiuno, "Mimi niko Makka nasujudu, na moyo wangu uko barabara ya Matemwe nawe. Sijda gani hiyo?"

Nusu ya wanawake wa mji huu wanapanda vespa na pikipiki, na hakuna anayewasujudia wala kuacha kusujudu kwa ajili yao. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pikipiki nimeinunua mimi, kwa sabuni yangu. Akaniuliza swali moja tu, kadi ya pikipiki ina jina la nani.

Kadi ina jina lake. Siku ya kuandikisha nilikuwa Matemwe kwenye mwani na yeye akajitolea kwenda ofisini, na karani akamwandika aliyesimama mbele yake. Miaka yote hii tumekuwa tukilicheka jambo hilo. Leo halichekeshi.

Jumapili, 5 Aprili

Ufunguo wa pikipiki nimeutia kifuani. Anayeutaka aje autoe.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda Matemwe kwa gari, nikafika wakati watu wanarudi kutoka pwani. Mwani uliokuwa wangu umeshachukuliwa na mtu wa kutoka Paje mwenye gari yake. Uliobaki umenyeshewa, umeanza kuoza na kunuka. Bibi mmoja niliyezoea kununua kwake akanambia kwa upole, na upole wake ukaniuma kuliko matusi, "Mwanangu, mwani haungoji mtu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri. Hamad anasema pikipiki mbovu, ina mkosi, itaniua. Basi ikiwa nzima, hoja yake ni ipi? Lakini nani ataitengeneza? Nimewaendea mafundi wawili. Mmoja ni rafiki yake Mjaka, akageuza uso. Wa pili alisema wazi kwamba hataki kesho kutajwa kwenye baraza ya Bwana Hamad.

Vizuri. Nitaifungua mwenyewe. Mimi ninayepika magadi yanayounguza ngozi siwezi kushindwa na bolti mbili.

Jumamosi, 11 Aprili

Hamad alikwenda kwenye darsa la mahujaji asubuhi. Nikaiburura pikipiki kutoka nyuma ya mlango mpaka katikati ya ukumbi penye mwangaza, nikatandika gunia, nikaegemeza simu kwenye chupa. Ndani ya simu Mhindi mmoja mwenye mikono misafi anafungua breki kama anamenya ndizi. Yangu mikono haikukaa safi hata dakika moja.

Kalipa ni kile kichuma kinachoikumbatia sahani ya gurudumu na kuibana unaposhika breki. Kimefungwa kwa bolti mbili. Ya kwanza ilitoka kwa matusi. Ya pili ilitaka matusi na kipande cha bomba nilichokivalisha mkia wa spana ili nipate nguvu. Ndani mna pistoni, mfano wa kikombe cha kahawa, na pistoni imezungukwa na mpira mwembamba wanaouita sili. Ya Mhindi ilitoka kwa kubana breki kidogo. Yangu ilikuwa imeng'ang'ania. Nikachukua pampu ya baiskeli, nikaichomeka kwenye tundu la mafuta na kuzungushia kitambaa, nikapampu mpaka jasho likaniingia machoni. Ikaruka ikaenda kugonga mlango.

Sili ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ndiyo iliyoishikilia pistoni isirudi nyuma, breki ikawa inabana njia nzima bila mimi kuijua, ikachemka mpaka ikakamata. Na pistoni yenyewe imechunika ubavuni, haifai tena. Mhindi akasema sili haivimbi hivi kwa uchakavu. Inavimba kwa kutiwa mafuta yasiyo ya breki. Akaonyesha na jaribio lake. Mafuta ya breki ukiyatia kwenye maji huchanganyika nayo. Mafuta mengine huelea.

Nikafungua kile kikombe kidogo kilichopo kwenye usukani, nikayamimina yaliyomo kwenye glasi ya maji. Yakagawanyika. Nusu ilizama na kupotea, nusu ikaelea juu, nyepesi, nyeupe. Nikanusa. Mpika sabuni hujua mafuta kwa pua, lakini haya hayakuhitaji ujuzi wa sabuni. Haya nimekua nayo. Baba alikuwa fundi cherehani, Hamad ni fundi cherehani, nyumba hii inanuka mafuta ya cherehani tangu sijazaliwa.

Nshakutilia mafuta.

Nilikaa chini sakafuni na grisi yangu. Ya tangini tunaita mafuta. Ya kupikia mafuta. Ya nywele mafuta. Ya breki mafuta, na ya cherehani mafuta. Mimi nilisikia petroli. Yeye alikiona kikombe kimepungua, akachukua kile kikopo chake chenye mdomo mrefu, akajaza. Kwa wema. Ingekuwa imeishia hapo ningemsamehe leo hii hii, ningemcheka mpaka Inshallah arudi kutoka Makka.

*Baada ya Alasiri*

Haikuishia hapo. Hamad aliporudi niliiweka ile glasi juu ya meza yake, karibu na cherehani. Mtu asiyejua angeuliza, hii nini? Hamad hakuuliza. Alikwenda akafunga mlango wa duka kwanza, na pale pale nikajua.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

Alisema tangu wiki ile ile. Alikuja dereva mmoja kupimwa kanzu, Hamad akamuuliza kwa kuzunguka zunguka, dereva akamwambia mafuta ya cherehani kwenye breki ni sumu. Kwa hiyo Mjaka ameliwa nyama muda wote huu kwenye baraza ile, na aliyeianza karamu anajua kuwa kosa ni lake mwenyewe, na amekaa anakunywa kahawa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anatafuta wakati, anasema. Mkono wa Shemsa, maneno ameshayasema mbele ya watu, kisha jina la Hijja likatoka. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau.

"Amne, nnakwenda Makka. Usinichafulie safari yangu."

"Mimi ndo nnaekuchafulia?"

Akaanza kukunja kitambaa, kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu mimi ndiye anayenishonea hizo nguo.

Jumapili, 12 Aprili

Nilikwenda kwa Mjaka asubuhi kabla hasira haijapata muda wa kunipa visingizio. Bodaboda walikuwa wamekaa pale pale. Nikamwambia mbele yao kwamba kosa halikuwa lake, kwamba breki zilitiwa mafuta siyo, nyumbani kwetu, na kwamba mimi nilimtukana bure. Nikamwambia anisamehe.

Mjaka ni mtu wa maneno mengi, lakini leo aliyapima. Hakuniuliza nani aliyetia. Aliitazama ile sili iliyovimba, akaigeuza geuza, akanirudishia.

"Wewe nshakusamehe," alisema. "Ulikuja ukanitukana uso kwa uso, na leo umekuja uso kwa uso. Lakini wateja wangu wa Malindi hawakuyasikia kwako wewe."

Nilimwomba aje anifungie kalipa mpya. Akakataa. Hataingia kwenye nyumba ile, wala kuigusa pikipiki ile, mpaka aliyemtoa huko amrudishe. Nimerudi nikiwa nimemkasirikia na yeye, kisha nikakasirika zaidi kwa kuwa ana haki.

Nimemweleza Shemsa kila kitu. Akauliza kama kwetu kuna mafuta mengine yoyote anayopaswa kuyajua.

Jumatatu, 13 Aprili

Sisemi na Hamad, Hamad hasemi nami. Maryam, mkewe, anatupakulia mbali mbali na kututazama kama watu walioingiwa na shetani.

Ijumaa, 17 Aprili

Shemsa ananiuliza kwa nini nisiseme mwenyewe pale barazani, nikayamaliza. Nimefikiri sana. Nikisema mimi, itakuwa maneno ya mwanamke anayetaka pikipiki yake, anayemwonea ndugu yake wivu kwa kuwa anakwenda Hijja. Watanihurumia, halafu watanywa kahawa yao. Aliyefunga fundo kwa ulimi wake alifungue kwa ulimi wake. Isitoshe ni kakaangu. Nikimvua nguo mbele ya watu, na mimi nabaki uchi.

Na bado anauza. Nilidhani baada ya ile glasi atanyamaza. Leo kanitumia salamu kwa Maryam kwamba Anuar atakuja kuichukua siku ya safari. Ikiondoka na breki zake na maneno yataondoka, ndivyo anavyofikiri.

Jumatano, 22 Aprili

Kalipa niliyoagiza imefika kutoka Dar kwa boti, nikaipokea bandarini kwa furaha ya bibi harusi. Si yenyewe. Matundu ya bolti yamepishana kwa upana wa punje ya mchele. Nimekaa ukumbini nikailazimisha, nikageuza, nikailazimisha tena, nikaipiga nyundo. Hamad alipita na kitambaa begani, akasimama, akataka kusema kitu. Nikamtazama. Akapanda ngazi.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua. Boti hazikuja.

Alhamisi, 30 Aprili

Kalipa ya pili. Matundu yamekaa. Nimeagiza pia mpira wa kupitisha mafuta mpya na sili za kule juu kwenye usukani, kwa sababu yale mafuta ya cherehani yameshapita kote, na ukiacha tone moja limejificha utakuja kulia tena. Kikombe nimekiosha kwa sabuni yetu wenyewe, maji mengi, nikakianika kikakauka kabisa.

Dukani nilipokwenda kununua mafuta ya breki, muuzaji akaniuliza, "Mafuta gani, dada?" Nikampa darsa mpaka mteja wa nyuma yangu akaondoka.

Jumanne, 5 Mei

Hamad ameanza kuaga. Ndiyo ada, msafiri wa Hijja haondoki na deni la mtu moyoni. Anakwenda nyumba hadi nyumba na kanzu nyeupe, anapewa mkono, anasema, "Tusameheane," na mwenye nyumba anajibu, "Tumeshasameheana, utuombee." Watu wanalia. Wanamshika kichwa.

Nimelisikia neno hilo leo kupitia dirishani mpaka limeanza kuniwasha. Tusameheane. Mimi nikusamehe wewe na wewe unisamehe mimi. Neno zuri kwa watu waliokoseana. Lakini limekuwa kama kanga ya kufunikia kila kitu. Aliyepiga na aliyepigwa wanajifunika pamoja, na hakuna anayeuliza nani alipiga.

Jumamosi, 9 Mei

Leo tumetoa upepo kwenye breki, mimi na Shemsa. Ukishafunga kalipa mpya, ndani ya mpira hubaki hewa, na breki yenye hewa ni kama kukamata uji. Lazima mmoja abane breki juu na mwengine afungue kichunusi cha chini, kile kibolti kidogo cha kalipa, hewa itoke kwenye kijimpira mpaka ndani ya chupa, kisha afunge kabla mkono wa juu haujaachia. Shemsa plasta bado hajatolewa, lakini breki hubanwa kwa mkono wa kulia.

"Bana," namwambia. "Shikilia." Nafungua, mapovu yanatoka. Nafunga. "Achia." Tena. Bana, shikilia, achia. Nikiwa na hasira nilikuwa nafunga kwa nguvu mno, naye ananambia, taratibu, kalipa haijakukosea.

Katikati ya kazi hiyo akanihadithia kuwa jana Hamad alikwenda kwao na sahani ya halua. Alikaa, akauliza habari za mkono, akasema tusameheane.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikamuuliza, Bwana Hamad, mimi nimekukosea nini?" Shemsa alisema. "Akanywa chai yake akaaga."

Nimecheka mpaka mafuta yakamwagika. Kisha nikakasirika upya, kwa sababu hata huko, mbele ya mkono wenyewe, alishindwa. Mapovu yaliisha kabla ya Adhuhuri. Shemsa alibana breki ikasimama ngumu chini ya vidole vyake. Akanambia nijaribu mimi. Nikajaribu, kisha nikajaribu tena.

Jumatano, 13 Mei

Nimeipanda peke yangu mpaka Bububu na kurudi. Njia nzima nashika breki na kuachia, nashika na kuachia, walio nyuma yangu wakanipigia honi na kunitusi. Gurudumu linazunguka jepesi. Nimesimama mara kadhaa nikaigusa kalipa kwa mkono. Vuguvugu tu.

Hamad alikuwa mlangoni nilipoingia. Ameiona nzima. Akasema, bila kunitazama, kwamba Anuar anakuja kesho kabla ya safari.

Alhamisi, 14 Mei

Nyumba ilijaa tangu asubuhi. Safari ni ya alasiri. Ukumbini wanaume wanasoma, juu wanawake wanapika, na Hamad anapita kwa mmoja mmoja na kanzu aliyojishonea mwenyewe, nzuri kuliko zote alizowahi kuwashonea watu. Tusameheane. Tumeshasameheana. Mimi nilikuwa chini, nimesimama kando ya pikipiki, ufunguo mkononi. Akafika kwangu.

"Amne," akasema. "Tusameheane."

Watu walikuwa wanasikiliza, kwa hiyo nilisema polepole. "Mimi sijakukosea, Hamad. Sitaki tusameheane. Nataka useme nisamehe. Na usianze na mimi. Mjaka yuko gerejini kwake. Panda."

Nilidhani atanipita. Alitazama ukumbi wote ule uliokuja kwa ajili yake, akaitazama kalipa mpya inayong'aa, kisha akaikunja kanzu yake mpaka magotini, akapanda nyuma. Nilisikia mtu akiuliza hujaji anapelekwa wapi.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kila nilipokaribia kona mikono yake ilinibana mabega, na mimi nilishika breki mapema na laini. Si kwa huruma. Nilitaka ajue inashika.

Gerejini bodaboda wote wakasimama kwa heshima ya ile kanzu. Mjaka akajipangusa mikono. Hamad alishuka, akasogea, akatoa mkono wake.

"Mjaka, mimi nnasafiri. Nimekuja tusameheane."

Na Mjaka, kwa adabu zake, akafungua mdomo kujibu kama watu wanavyojibu. Nikabonyeza honi. Niliibonyeza ndefu, mpaka wauza nguo wa ng'ambo ya pili wakatoka kutazama, na sikuiachia mpaka Hamad alipogeuka akanitazama. Kisha akamgeukia Mjaka tena.

"Si hivyo," akasema. "Mafuta nilitia mimi. Ya cherehani. Nikajua, nikanyamaza, nikakuacha usemwe. Nisamehe."

Mjaka alikaa na mkono wa Hamad ndani ya mkono wake, grisi ikaingia kwenye upindo wa ile kanzu nzuri. Nilikuwa naogopa atasema na mimi nisamehe, kwa mazoea tu, akaiharibu.

"Nimekusamehe," alisema Mjaka, akakomea hapo.

Nilidhani tumemaliza, nikaigeuza pikipiki kuelekea nyumbani. Hamad akaniinamia sikioni. "Pitia kwa Shemsa." Nilimsubiri nje. Aliyoyasema ndani sijui, na Shemsa nilipomuuliza alisema ni yake. Lakini Hamad alitoka macho mekundu.

Anuar alikuwa mlangoni kwetu tuliporudi, ameshaleta na kijana wa kuiendesha. Akamuuliza Hamad kama pikipiki iko tayari na kadi iko wapi. Hamad alishuka, maji yanamchirizika.

"Mie si wa kuulizwa," akamwambia. "Muulize mwenyewe." Akaninyooshea mimi kidole.

Nikamwambia Anuar haiuzwi. Akalalamika sana, na ana haki ya kulalamika. Hamad akaingia ndani, akatoka na kadi, akanipa mbele ya watu wa barazani. Kulibadilisha jina itabidi tungoje mpaka arudi. Kisha akakaa barazani pale pale kwa watu wake, na kanzu iliyolowa, akawahadithia habari ya mafuta ya cherehani tangu mwanzo. Niliisikia yote kutoka dirishani. Haikunipendeza kama nilivyodhani. Mmoja alicheka na nilitamani kumwagia maji.

Uwanja wa ndege alituaga mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanipa mkono. "Amne, nisamehe."

Nilikuwa nimelitayarisha neno langu kitambo. Nilikuwa nimwambie, nitakusamehe ukirudi. Nilikuwa nalo ulimini. Lakini alikuwa amesimama pale na doa la grisi kwenye upindo, hakulificha wala hakulifuta, na wenzake wa kikundi wanamwita.

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Hasira ndo bado ninazo. Huko unakokwenda niombee ziishe."

Akasema ataniombea, akachukua begi lake akaingia ndani. Ndege imeruka kabla ya Magharibi. Sasa Isha imeshaadhiniwa na bado hasira zinanichemka, basi nadhani atakuwa hajafika.